Nani Aliyebadilika? Sasisho, Ridhaa na Njia ya Kurudi

Mtu akikibadilisha kitu chako kwa nia ya kukusaidia, kisha kitu hicho kikaharibika, anadaiwa nini? Swali ni la zamani. Wameulizwa waganga, mafundi, wazazi na serikali. Mimi leo nataka kuwauliza watu wanaotengeneza kompyuta zetu, kwa sababu huko ndiko swali hili linatukuta mara nyingi siku hizi, na aghalabu linatukuta tukiwa tumeshabonyeza kitufe.

Kila anayeandika kwa kompyuta mpakato, laptopu kwa lugha ya kila siku, anakijua kisanduku kile kinachochomoza pembeni mwa skrini. Kinasema kuna sasisho jipya. Kinakupa machaguo mawili: sasisha sasa, au nikumbushe baadaye. "Hapana" haimo. Unaweza kuahirisha leo, kesho, hata wiki ijayo, lakini kukataa huwezi. Ni kama posa isiyopokea jibu lolote ila "ndiyo" au "subirini kidogo". Hata neno lenyewe lina mambo yake. Kusasisha kumetoka kwenye sasa: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ni neno zuri, nalipenda, lakini halina jana ndani yake. Halikwambii kile kilichokuwapo kimekwenda wapi.

Hoja yangu ni fupi. Nakubali kwamba kuna mabadiliko ambayo mtu ana haki ya kuyafanya kwenye kitu changu, tena wakati mwingine bila kunibembeleza. Lakini haki hiyo ina deni lake: anayebadilisha aniachie njia ya kurudi, na kama njia hiyo haiwezekani, abaki mlangoni hadi nione kwamba nimefika salama. Kwenye kompyuta haki hiyo imechukuliwa yote, na deni limeachwa.

Mlinzi wa geti

Masasisho mengi hayana kishindo. Programu ya kuandikia ikivurugika unaifuta na kuiweka tena, maisha yanaendelea. Ninalolizungumzia mimi ni lile la chini kabisa: sasisho la programu dhibiti. Hii haikai kwenye diski pamoja na faili zako. Inakaa kwenye chipu yake, juu ya ubao mkuu wa saketi. Wengi tunaijua kwa jina la zamani, BIOS. Ya siku hizi inaitwa UEFI. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, hiyo ndiyo inayoamka kwanza. Inakagua kumbukumbu, inaitambua kibodi na skrini, inatafuta diski, kisha inaukabidhi mfumo endeshi kazi yote iliyobaki, uwe Windows au Linux.

Ifananishe na mlinzi wa geti. Wenye nyumba hawamfikirii sana. Anafungua asubuhi, wanatoka na kuingia, basi. Sasa chukulia kwamba usiku mmoja kampuni ya ulinzi inambadilisha bila kuwauliza. Asubuhi mlinzi mpya hamjui mtu. Hajui gari la baba mwenye nyumba, hajui kwamba mlango wa jikoni hufunguliwa kwa kusukumwa kwa bega. Hana ubaya, na pengine ni hodari kuliko aliyeondoka. Lakini wenye nyumba ndio wanaosimama nje wakiulizwa vitambulisho.

Mfano huu sikuubuni kwa ajili ya utani. Ndivyo inavyokuwa kweli, na nimeshuhudia.

Tarakimu arobaini na nane

Mpwa wangu anasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Laptopu yake ni ya mtumba, moja ya zile zilizomaliza kazi ofisini Ulaya zikaja kuanza maisha ya pili Kariakoo. Jioni moja ilisasisha programu dhibiti, ikajizima, ikawaka, na badala ya kumwomba nenosiri lake la kila siku ikamwomba ufunguo wa tarakimu 48. Akanipigia simu.

"Shikamoo anko. Laptopu inaniuliza namba ambayo sijawahi kuiona."

"Marahaba. Umebadilisha nini?"

"Mimi? Sijabadilisha kitu. Imebadilika yenyewe, halafu inaniuliza mimi ni nani."

Alisema kwa hasira, lakini kwa upande wa ufundi alikuwa sahihi kabisa. Diski ya laptopu za siku hizi mara nyingi hufungwa kwa usimbaji, ili mwizi akiiba mashine asisome kilichomo. Ufunguo wa kuifungulia hutunzwa na chipu ya usalama inayoitwa TPM. Chipu hiyo haimtazami mtu usoni. Inachofanya ni kupima kila hatua ya kuwaka, kuanzia programu dhibiti yenyewe, na kulinganisha vipimo hivyo na vile vilivyowekwa siku ulinzi ulipowashwa. Vikilingana, inatoa ufunguo kimyakimya, hujui hata kama umetolewa. Visipolingana, inakataa: hii si mashine ninayoijua. Basi ukibadilisha programu dhibiti, umebadilisha kipimo cha kwanza kabisa. Ndiyo maana utaratibu mzuri wa sasisho la aina hii ni kuusimamisha ulinzi huo kwa muda, kusasisha, kisha kuuwasha tena ili vipimo vipya viandikwe. Hatua hiyo ikirukwa, kinachotokea ni kile alichokisema mpwa wangu. Aliyebadilika anamdai kitambulisho asiyebadilika.

Na kitambulisho chenyewe kiko wapi? Ufunguo ule wa tarakimu 48 kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya mtu aliyeingia kwanza wakati mashine inaandaliwa. Mtengenezaji anawaza mtu mmoja, mashine mpya, boksi lenye plastiki, akaunti yake mwenyewe. Huku kwetu aliyeingia kwanza ni kijana wa dukani, aliyetumia barua pepe yake ili mteja asisubiri. Kwa hiyo ufunguo wa tasnifu ya mpwa wangu ulikuwa mikononi mwa mtu aliyewahi kuonana naye kwa dakika ishirini tu. Ilichukua siku mbili kumpata, maana alishahamia duka jingine. Muungwana, alifungua akaunti yake, akaukuta ufunguo katikati ya funguo za laptopu nyingi alizowahi kuuza, akamsomea kwa simu mafungu manane ya tarakimu sita sita. "Dada, andika taratibu, ukikosea moja tunaanza upya."

Diski ikafunguka. Mfumo ukaanza kuwaka, ukafika katikati, ikaja skrini ya buluu yenye maneno ya Kiingereza yanayosema kifaa cha kuwakia hakifikiki. Ikajiwasha upya. Buluu tena. Fundi wa mtaani akatoa hukumu ile tunayoijua wote: "Hapa ni kupiga Windows upya tu." Maana yake kufuta kila kitu na kuanza na mashine tupu.

Kuna adabu fulani katika kutafuta tatizo, na nadhani ni adabu inayofaa hata nje ya kompyuta. Swali la kwanza si "nifanye nini?" bali "nini kimebadilika, na nini hakijabadilika?" Diski haikubadilika, jana ilikuwa nzima. Windows haikubadilika. Kilichobadilika ni mlinzi wa geti. Na walinzi wapya wana tabia moja: baadhi ya masasisho ya programu dhibiti hurudisha mipangilio yote kwenye ile ya kiwandani. Mmoja wapo ni ule unaosema diski itazungumza na mashine kwa namna gani, RAID au AHCI. Windows iliyowekwa chini ya namna moja huamka ikiwa na kiendeshi cha namna hiyo. Ukiigeuzia mlango ikiwa imelala, inaamka inapapasa ukuta. Diski ipo, faili zipo, lakini haifiki.

Tulifanya hivi: tuliingia kwenye mipangilio, tukapiga picha ya skrini kabla ya kugusa chochote, tukabadilisha kitu kimoja tu, tukahifadhi, tukawasha. Mashine ikaomba zile tarakimu 48 kwa mara nyingine, maana vipimo vilikuwa vimebadilika tena, kisha ikafunguka. Sura tatu za tasnifu zilikuwapo, pamoja na rekodi za mahojiano aliyoyafanya miezi minne.

Sasa tupige hesabu. Siku nne za kazi, nauli, vocha, na usiku kadhaa wa kuamini kwamba mwaka mzima umepotea. Nani amelipa? Mwanafunzi, kijana wa dukani, na mimi kidogo. Aliyeleta badiliko hakulipa hata senti, na hajui kama lilitokea. Masharti ya programu karibu zote yana kifungu kinachosema kwamba inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Tunabonyeza "nakubali". Hiyo ndiyo inayoitwa ridhaa.

Upande wa pili una hoja

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kulaani masasisho na kuwashauri watu wayakatae. Nisingekuwa mkweli. Kutosasisha nako si kukaa kimya bila kumgusa mtu.

Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja kwenye Windows. Mei 12 mwaka huohuo programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa duniani kupitia tundu hilohilo, ikifunga faili za watu na kudai fidia. Ilipata njia kwa sababu miezi miwili baadaye bado kulikuwa na kompyuta chungu nzima ambazo hazijasasishwa. Hospitali za umma za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani siku ile hakuwa amebonyeza "nikumbushe baadaye". Mwingine alibonyeza, yeye akalipa.

Kwa hiyo anayesema "mashine ni yangu, niacheni" anasahau kwamba mashine yake imeunganishwa na za wenzake. Nyumba ikiwaka moto, jirani hasubiri ridhaa ya mwenye nyumba kumwaga maji. Hoja hii naikubali kwa moyo mmoja.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, ana mfano wa daraja. Mtu anakaribia kuvuka daraja lililo bovu, na hakuna nafasi ya kumwonya. Mill anaona kwamba kumshika na kumvuta nyuma si kumwingilia uhuru wake, kwa kuwa hakukusudia kutumbukia mtoni. Lakini kama kuanguka si hakika, ni hatari tu inayoweza kutokea au isitokee, basi mwonye, kisha mwachie aamue.

Nimeufikiria mfano huu sana, na naona unatufaa kwa njia mbili. Kwanza, kisanduku chetu hakitofautishi madaraja. Sasisho linaloziba tundu ambalo wadukuzi wanalipitia leo, na sasisho linalobadilisha picha inayotokea wakati wa kuwaka, yote yanakuja kwa sauti ileile na haraka ileile. Anayepiga kelele ya moto kila siku hajui tena namna ya kusema moto. Pili, na hili Mill hakulisema lakini limo ndani ya mfano wake, anayemshika mtu pale darajani yupo pale. Akimvuta kwa nguvu mno akamvunja mkono, atauona mkono. Atampeleka hospitali, au angalau atatazamwa na watu. Anayebadilisha programu dhibiti ya laptopu milioni moja hayupo kwenye daraja hata moja.

Kurudi kwa nani?

Watengenezaji wanajua kwamba wanaweza kukosea. Januari 2018, baada ya udhaifu wa Spectre na Meltdown kutangazwa, Intel ilitoa masasisho ya maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani kabisa ya prosesa. Januari 22 Intel yenyewe ikawataka watengenezaji na wateja waache kusambaza matoleo yale, kwa sababu baadhi ya kompyuta zilikuwa zikijizima na kujiwasha hovyo. Ilikuwa ni dawa iliyotolewa kwa nia njema, na wengi walioipokea hawakuwa na muda wa kuichunguza.

Lakini angalia jambo moja kuhusu maikrokodi, maana linanipa matumaini. Inaweza kuingizwa kwa njia mbili. Inaweza kukaa ndani ya programu dhibiti, au mfumo endeshi unaweza kuipakia upya kila unapowaka. Katika njia hii ya pili, ukizima mashine, badiliko linatoweka. Ukiliondoa kwenye mfumo, prosesa inaamka kesho bila hilo. Kwa maneno mengine, mahandisi wanajua kabisa namna ya kubadilisha kitu cha ndani sana huku wakiacha mlango nyuma yao. Si suala la kutowezekana. Ni suala la nani amefikiriwa.

Na hata njia ya kurudi inapokuwapo, lazima tuulize ni njia ya nani. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili moja yenye hitilafu. Haikuwa programu dhibiti, lakini ilisomwa na kiendeshi kinachoamka mapema sana, na matokeo yalikuwa yaleyale: skrini ya buluu, kuwaka upya, buluu tena. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Ndege hazikuruka, benki na hospitali zikakwama. Kampuni iliirudisha nyuma faili ile baada ya dakika 78. Dakika 78! Kwa upande wao, kosa lilikuwa limeshafutwa. Kwa mwenye mashine lilikuwa ndio kwanza linaanza, kwa sababu mashine isiyowaka haiwezi kupokea marekebisho. Kwa nyingi ilibidi mtu afike kwa miguu yake, aiwashe katika hali salama, afute faili kwa mkono. Na kwa mashine zilizofungwa diski, ilibidi kwanza atafute zile tarakimu 48. Kurudi kwa mtoaji kulichukua saa moja na ushee. Kurudi kwa mpokeaji kuliwachukua wengine siku kadhaa.

Sisi wa fasihi tunalijua jambo hili kwa namna nyingine. Nakala za mkono za Al-Inkishafi zimetofautiana, kwa idadi ya beti na kwa maneno. Kila mnakili alikuwa na sababu zake, wengine wakiamini wanasahihisha. Tunaweza kubishana leo kuhusu ipi ni bora kwa sababu moja tu: nakala mpya haikuiteketeza ya zamani. Mnakili alikuwa na uwezo wa kubadilisha, lakini badiliko lake halikuwa na uwezo wa kufuta ushahidi wa kilichokuwapo. Mhariri mwungwana hufanya hivyo hadi leo. Anapendekeza, anaweka alama, na mswada wako wa kwanza unabaki. Ukiona amekosea, unarudi.

Mlango wa mwizi

Hapa nafika kwenye pingamizi gumu kuliko yote, na sitalikwepa. Njia ya kurudi ni njia. Na njia haichagui wapitao.

Machi 2023 watafiti wa kampuni ya ESET walichapisha uchambuzi wa programu haribifu iitwayo BlackLotus, inayoingia kabla mfumo endeshi haujaamka. Ilitumia udhaifu ambao Microsoft ilishauziba Januari 2022. Iliwezaje basi kuingia kwenye mashine zilizosasishwa? Ilikuja na faili ya zamani ya kuwashia, ile yenye udhaifu, ikaiweka mahali pa mpya. Faili ile ilikuwa bado na saini halali. Mlinzi wa geti akaitazama saini, akaona ni ya bwana wake, akairuhusu. Kitu cha jana, ambacho mimi nimekuwa nikikililia muda wote huu, ndicho mwizi alichokuja nacho mkononi.

Dawa yake ni kuzibatilisha faili za zamani ili mlinzi azikatae. Lakini ukizibatilisha, diski na flashi za zamani za kuokolea mfumo nazo zinakataliwa. Na ubatilisho huo ukishaandikwa kwenye programu dhibiti, hauondoki hata ukifuta diski nzima, maadam ulinzi wa kuwaka salama unaendelea kutumika. Microsoft ilianza kuutoa Mei 2023 kwa hatua, ikiacha kwanza wenye mashine wauwashe wenyewe, baada ya kuwaonya kwamba hakuna kurudi. Kwa sababu kama hizo baadhi ya watengenezaji wa laptopu huzuia kabisa kurudisha toleo la zamani la programu dhibiti.

Kwa hiyo siwezi kusema tu "acheni mlango wazi". Kuna milango ambayo lazima ifungwe, tena kwa faida yangu na ya jirani yangu. Lakini tazama namna ubatilisho ule ulivyoletwa: polepole, kwa maonyo, na uamuzi ukiwa mikononi mwa aliye na cha kupoteza. Hilo linaonyesha kwamba mtu anaweza kufunga mlango na bado akakutendea kama binadamu.

Amana na dhamana

Kiswahili kina maneno mawili ambayo naona yanatosha kuieleza hali hii kuliko mikataba ile mirefu. La kwanza ni amana. Ukipewa amana, kazi yako ni kuirudisha kama ilivyo. Huna ruhusa ya kuiboresha. Jirani akikuachia kuku, hutarajiwi kumrudishia bata. La pili ni dhamana. Fundi hapewi kitu kama amana tu, anapewa pamoja na ruhusa ya kukifungua na kukibadilisha. Ndiyo maana anabeba dhamana. Fundi cherehani akiharibu kitambaa, hakuna atakayemsikiliza akisema "nilitoa huduma kama ilivyo". Ruhusa ya kukata inakwenda pamoja na jukumu la kufidia. Kadiri mkasi unavyoingia ndani, ndivyo jukumu linavyokua.

Sasisho la programu dhibiti limegeuza mambo. Anayebadilisha ana ruhusa ya fundi, tena fundi anayeingia nyumbani usiku, lakini ana dhamana ya mpita njia. Ndicho kinachonikera. Kukosea si hoja, kila fundi hukosea. Hoja ni kwamba gharama ya kosa imepangwa tangu mwanzo imwangukie asiyefanya badiliko, na inamwangukia kwa uzito zaidi aliye mbali na kiwanda: mwenye laptopu ya mtumba, ambaye ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, ambaye mjini kwake hakuna ofisi ya mtengenezaji, na ambaye akiishiwa njia anaambiwa apige Windows upya.

Najua jibu litakalokuja: "Angeweka nakala." Ni kweli, angeweka nakala. Namwambia kila mwandishi ninayemjua: weka nakala ya kazi yako nje ya mashine, ujue ufunguo wako uko kwenye akaunti ya nani, na kabla ya sasisho la aina hii piga picha ya mipangilio. Huo ni ushauri mwema ukitolewa kabla, na shangazi au rafiki. Ukitolewa baadaye, na yule aliyesababisha, unakuwa kitu kingine. Unakuwa njia ya kuhamisha mzigo. Mwenye nyumba alipaswa kuwa na kufuli imara, sawa, lakini huyo si mwizi anayepaswa kumkumbusha.

Sitaki kisanduku kile kiondoke. Nataka kiwe na maneno matatu zaidi. Kiniambie sasisho hili linaziba hatari gani, ya leo au ya labda. Kiniambie kama naweza kurudi, na kama siwezi, kiseme siwezi, kwa herufi kubwa kama zile za "sasisha sasa". Na kiniambie, kabla sijabonyeza, ufunguo wangu uko wapi na nani nimpigie saa nne usiku mashine ikiniuliza mimi ni nani. La tatu ndilo la gharama kubwa, kwa sababu linataka mtu halisi upande wa pili, na ndilo sidhani kwamba tutapewa bila kulidai.